Kinyama cha Jicho Chini ya Mlima Meru: Historia ya Kutambua na Kutibu Uvimbe Usio wa Saratani

Kata ya Kimandolu iko mashariki mwa Jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, katika mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta. Mwinuko huo na ukaribu huo wa ikweta vina uzito mkubwa katika historia ya macho ya wakazi wake, kwa kuwa miale ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi na kudhuru macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000 za kupanda, na kwa kuwa karibu na ikweta jua la adhuhuri hukaa juu sana mwaka mzima. Vumbi la kiangazi linalopanda kutoka nyika za Umasaini, likiungana na mwanga huo, hufanya mazingira ambamo jicho la mkulima, mchungaji, fundi ujenzi na dereva wa bodaboda hushambuliwa tangu utotoni, na ni katika mazingira ya namna hiyo ambamo vinyama vya juu ya jicho huota kwa wingi duniani kote.

Ili historia hiyo ieleweke, inafaa kwanza kuzitenganisha sehemu za jicho zinazohusika. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba, laini na wenye mishipa midogo ya damu, ambao wataalamu huuita konjaktiva, na mbele ya sehemu nyeusi kuna kioo kisicho na mishipa kiitwacho konea, ambacho ndicho kinachopitisha mwanga kuingia ndani. Mpaka kati ya viwili hivyo ni ukanda mwembamba wenye seli mama zinazoizuia konjaktiva isivuke kuingia kwenye konea. Seli hizo zinapoharibiwa na jua kwa miaka mingi, kizuizi hulegea, na utando wenye mishipa hutambaa juu ya kioo ukiwa na umbo la bawa, mara nyingi kutoka upande wa pua. Huyo ndiye mgeni anayeitwa na watu wa kawaida kinyama cha jicho, na ambaye wataalamu humwita terijiamu. Ndugu yake mdogo ni pinguekula, kijivimbe cha manjano kinachobaki kwenye weupe bila kuvuka mpaka, ambacho kwa kawaida hakihitaji zaidi ya matone ya kulainisha jicho. Wapo wengine pia: chunjua za konjaktiva zinazosababishwa na virusi vya papiloma, madoa ya rangi ya kahawia yanayoonekana tangu utotoni, dermoidi, uvimbe wa kuzaliwa nao unaokaa juu ya ule ukanda wa mpakani na wakati mwingine kuwa na vinyweleo, na vijivimbe vyekundu vinavyoota haraka baada ya jeraha au upasuaji. Wote hawa si saratani, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, kulisema jambo hilo kwa uhakika ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Ujuzi wa kuondoa kinyama ni wa kale sana. Mabingwa wa tiba wa Bara Hindi waliandika juu yake katika mkusanyo unaohusishwa na jina la Sushruta, wakaeleza jinsi ya kukiinua kwa ndoano na uzi kabla ya kukikata. Katika karne ya 7 Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Aleksandria, alieleza njia ya kupitisha sindano chini ya kinyama ikiwa na uzi pamoja na unywele wa farasi, ili uzi ukiinue na unywele ukitenganishe na jicho. Njia hiyo ilirithiwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, ambao walikipa kinyama jina la kucha: Ali ibn Isa wa Baghdad alikiweka katika kitabu chake cha tiba ya macho, na al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, akaieleza pamoja na vyombo vyake. Jambo la kustaajabisha ni kwamba matabibu wa kale walikwisha kutambua kuwa kinyama kilichokatwa bila kumalizwa hurudi. Tatizo hilo la kurudi ndilo lililowasumbua madaktari kwa karne zilizofuata, na halijamalizika hata leo.

Upande wa Meru, tiba ya macho ya hospitali ilifika kwa kuchelewa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianzisha kituo Nkoaranga kwa Wameru mwaka 1902 na Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904, baada ya jaribio la mwaka 1896 kuishia kwa kuuawa kwa wamisionari wawili huko Akeri na kulipiziwa kisasi kikali na Wajerumani. Boma la Wajerumani lilijengwa Arusha mwaka 1900, na reli ikaufikia mji kutoka Moshi mwaka 1929. Katika miaka hiyo yote tiba ya serikali ya kikoloni, ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza, ilijishughulisha na magonjwa yaliyotishia maisha au nguvukazi, na kinyama kisichouma wala kuua hakikuwa na nafasi katika orodha hiyo.

Ilhali ni katika kipindi hicho hicho ambapo maisha ya watu wa mlima yalibadilika kwa namna inayogusa macho yao moja kwa moja. Mashamba ya migomba na kahawa ya miteremko ya Meru yalikuwa na kivuli kizito, na mtu aliyelima humo alilindwa na majani dhidi ya jua la saa sita. Ardhi bora ya chini ya mlima ilipotwaliwa na walowezi, na idadi ya watu ilipoongezeka, familia nyingi za Waarusha na Wameru zilisukumwa kushuka kwenye tambarare kavu zisizo na miti. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, na msemaji wao Kirilo Japhet alipopeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, dunia ilisikia habari ya ardhi na haki. Kwa mtu anayeifuatilia historia ya macho, kule kusukumwa kwa familia kushuka tambarare kuna upande mwingine: kumwondoa mkulima kivulini na kumweka kwenye uwanda wa vumbi na mwanga ni kuubadilisha mzigo wa jua ambao jicho lake litaubeba kwa miaka arobaini ijayo. Uhusiano huu ni wa kimantiki na haujapimwa kwa utafiti, lakini unakubaliana na yote yanayojulikana juu ya asili ya kinyama.

Asili hiyo ilifahamika vizuri katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1965 M. E. Cameron alichapisha kitabu kilichokusanya taarifa za kinyama kutoka pande nyingi za dunia, akaonyesha kwamba ugonjwa huu umejaa katika ukanda ulio kati ya nyuzi 37 kaskazini na nyuzi 37 kusini mwa ikweta, na hupungua kadiri mtu anavyoelekea kwenye ncha za dunia. Katika miaka ya 1980 Hugh Taylor na wenzake waliwachunguza wavuvi wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, wakahusisha kinyama na kiasi cha miale ya urujuanimno ambayo kila mvuvi alikuwa ameipokea maishani mwake. Baadaye, mwaka 1993, Minas Coroneo wa Australia alieleza kwa nini kinyama hupenda upande wa pua: mwanga unaoingia jichoni kwa ubavu, kutoka upande wa sikio, hupindwa na konea na kukusanywa kwa nguvu kwenye ukanda wa mpakani ulio upande wa pili, yaani wa pua. Kwa maelezo hayo, kofia yenye ukingo mpana hukinga sehemu tu ya hatari, na miwani inayofunika hadi ubavuni ndiyo inayokinga zaidi.

Tiba kamili ya macho katika kanda ya kaskazini ilipata makao ya kudumu mwaka 1971, ilipofunguliwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, umbali wa takriban kilomita 80 kutoka Arusha, chini ya mfuko wa makanisa ujulikanao kama Good Samaritan Foundation. Idara yake ya macho ilikuwa ya rufaa kwa mikoa ya kaskazini, na pia shule iliyofundisha madaktari bingwa pamoja na madaktari wasaidizi wa macho, kada ambayo Tanzania iliitegemea sana kwa kuwa mabingwa walikuwa wachache mno na wengi wao walikaa mijini. Mtu aliyetoka Kimandolu miaka hiyo akiwa na kinyama kilichofika mbele ya mboni alipanda basi kwenda Moshi, au alisubiri timu ya macho izuru hospitali ya mkoa. Mwaka 2001, mjini Moshi humo humo, Paul Courtright na Susan Lewallen walianzisha kituo cha tiba ya macho ya jamii, KCCO, kilichojikita katika namna ya kuwafikia watu wa vijijini ambao hospitali ilikuwepo kwao kwa jina tu.

Kabla ya kufika hospitali, wengi walijaribu kwanza dawa za nyumbani au za mganga. Utafiti wa David Yorston na Allen Foster uliofanyika Mvumi, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwahusu wagonjwa 103 wenye vidonda vya konea, na robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Si haki kuwalaumu wagonjwa hao, maana kinyama kinachoonekana kwa macho humshawishi mtu kuamini kwamba kinaweza kuyeyushwa kwa kitu kikali. Lakini unga wa majani au maji ya mmea yasiyo safi, yakiwekwa juu ya konea, huacha kovu ambalo hakuna upasuaji wa kinyama unaoweza kulifuta.

Upasuaji wenyewe ulikuwa na historia yake ya majaribio. Njia iliyoenea kuanzia mwaka 1948, baada ya maandishi ya daktari wa macho D'Ombrain, ilikuwa kukikata kinyama na kuuacha weupe wa jicho wazi upone wenyewe. Njia hiyo ni rahisi, ni ya haraka, haihitaji nyuzi, na kwa sababu hizo ilizipendeza hospitali zenye foleni ndefu na daktari mmoja. Ubaya wake ulikuja kujulikana kwa takwimu: katika tafiti mbalimbali vinyama vilivyokatwa hivyo vilirudi kwa wagonjwa kati ya asilimia 24 na 89, na kinyama kinachorudi huwa kinene, chekundu na kikali kuliko cha kwanza. Madaktari wakatafuta nyongeza. Walitumia mionzi ya strontiamu 90, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa iliulegeza ukuta wa jicho miaka mingi baadaye. Kisha, kutoka Japani katika miaka ya 1960, ikaja mitomaisini, dawa ya saratani inayozuia seli kuongezeka, ambayo nayo inahitaji mkono wa uangalifu mkubwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1985 Kenneth Kenyon na wenzake huko Marekani walieleza njia iliyobadilisha kazi hii. Baada ya kukiondoa kinyama, daktari huchukua kipande chembamba cha konjaktiva yenye afya kutoka sehemu ya juu ya jicho hilo hilo, iliyofunikwa na kope na kwa hiyo isiyochomwa na jua, na kukishona mahali palipoachwa wazi. Kipandikizi hicho hurudisha kizuizi kilichokuwa kimepotea, na kinyama hurudi kwa wagonjwa wachache zaidi, kati ya asilimia 2 na 39 kutegemea tafiti, na kwa mikono mizuri idadi huwa ndogo kabisa. Baadaye gundi ya protini za damu ilikuja kuchukua nafasi ya nyuzi, na pale ambapo gundi ni ghali, madaktari wengine wamekuwa wakiiacha damu ya mgonjwa mwenyewe igande na kukishika kipandikizi. Ushahidi uliokusanywa kwa miaka arobaini unatosha kusema waziwazi kwamba kukata na kuacha wazi ni njia iliyopitwa na wakati, na kwamba msongamano wa wagonjwa si sababu ya kutosha kumpa mkulima wa Meru upasuaji ambao utamrudisha hospitali mwaka unaofuata akiwa na hali mbaya zaidi.

Hata hivyo, badiliko zito kuliko yote halikutokana na mbinu ya kisu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika muongo uliofuata madaktari wa macho wa Afrika ya Mashariki walianza kuona jambo lisilo la kawaida: vinyama vilivyoota kwa miezi badala ya miaka, kwa watu wenye umri wa miaka thelathini, tena katika jicho moja tu. Vingi vilikuwa saratani ya seli bapa za konjaktiva, ambayo huanzia kwenye ule ukanda wa mpakani, mara nyingi upande ule ule wa pua, na mwanzoni hufanana mno na kinyama cha kawaida. Saratani hiyo haikuwa mpya, kwani wataalamu wa patholojia wa Kampala, akiwemo A. C. Templeton katika makala ya mwaka 1967, walikuwa wameiandika kabla ya UKIMWI. Kilichokuwa kipya ni wingi wake. Mwaka 1995 C. Ateenyi-Agaba wa Uganda alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya wagonjwa 48 wa saratani hiyo mjini Kampala, ambao asilimia 75 kati yao walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 19. Taarifa kutoka Rwanda na Malawi zilielekea huko huko, na mwaka 1999 T. R. G. Poole akaandika juu ya saratani hiyo nchini Tanzania.

Tangu hapo utambuzi wa uvimbe usio na madhara umekuwa kazi yenye uzito wa kimaisha. Zamani daktari aliweza kukitazama kinyama kwa tochi na kumwambia mgonjwa kwamba si kitu, na mara nyingi alikuwa sahihi. Sasa anapaswa kukichunguza kwa darubini ya macho yenye mwanga mwembamba, chombo kilichotokana na kazi ya Allvar Gullstrand wa Sweden ya mwaka 1911, akitafuta dalili ambazo kinyama cha kawaida hakina: uso wenye magamba meupe, umbo linalofanana na utelezi mzito, rangi nyeusi isiyokuwepo awali, na mishipa minene ya damu inayoulisha uvimbe. Tena lazima aulize umeota kwa muda gani, na apendekeze kipimo cha virusi vya UKIMWI bila kumfedhehesha mgonjwa.

Hata dalili hizo hazitoshi, na kazi iliyofanywa nchini Kenya na Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake imeliweka jambo hili wazi. Waliwapaka wagonjwa 419 wenye uvimbe wa juu ya jicho rangi ya buluu iitwayo toluidini, ambayo hushika kwenye seli zilizobadilika, kisha wakalinganisha na majibu ya maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba rangi hiyo iliitambua saratani kwa asilimia 92 ya waliokuwa nayo, lakini kati ya wasiokuwa nayo ni asilimia 31 tu ambao hawakushika rangi. Kwa maneno mengine, uvimbe usioshika rangi kwa kiasi kikubwa humpa daktari utulivu, ila unaoshika rangi haujathibitisha lolote. Kundi hilo hilo lilijaribu matone ya fluorourasili, dawa ya bei nafuu, kwa wagonjwa 98 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani hiyo, na mwaka 2016 likaripoti kwamba baada ya mwaka mmoja uvimbe ulirudi kwa asilimia 11 ya waliotumia dawa, na kwa asilimia 36 ya wasioitumia. Haya ni majibu yaliyopatikana jirani, kwa wagonjwa wa aina ile ile na kwa dawa zinazoweza kununuliwa, na yana thamani kubwa kwa kliniki za Arusha kuliko mashine nyingi zinazosifiwa kwenye vijarida vya nchi tajiri.

Kimandolu ya leo si ile ya migomba. Nyumba zimesongamana, barabara kuu inapitisha malori usiku na mchana, na vijana wengi wanapata riziki juani, kwenye bodaboda, kwenye ujenzi na kwenye biashara za kando ya njia. Huduma nazo zimesogea, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na hospitali ya Kilutheri ya ALMC ziko ndani ya jiji, na safari ya Moshi si lazima tena kwa kila mgonjwa. Lakini kuna hatari iliyokuja na ukaribu wa maduka ya dawa, ambayo haikuwepo zamani. Watoto wengi wa ukanda huu wanasumbuliwa na mzio wa macho unaowasha sana na kuleta vijivimbe vya rangi ya maziwa kwenye mpaka wa konea, vinavyodhaniwa kuwa vinyama, na wazazi huwanunulia matone yenye steroidi kama deksamethasoni bila cheti. Matone hayo hutuliza haraka, na ndiyo sababu hupendwa. Yakitumiwa kwa miezi bila kupimwa presha ya jicho, huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho pole pole na bila maumivu. Mtoto aliyekuwa na mwasho tu hufikishwa shule ya sekondari akiwa na uono uliokwisha kuharibika, na uono huo haurudi.

Kuna pia suala la kipande kilichokatwa. Katika vyumba vingi vya upasuaji kinyama kikishaondolewa hutupwa, kwa kuwa maabara ya patholojia iko mbali, kipimo kina gharama ambayo tangu kuanza kwa uchangiaji huduma mwaka 1993 humwangukia mgonjwa, na daktari anaamini alichokiona. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba imani hiyo haina msingi tena. Mtu yeyote wa Arusha au Meru mwenye uvimbe wa juu ya jicho ulioota kwa miezi michache, au unaobadilika rangi, au uliorudi baada ya kukatwa, apimwe na mtaalamu wa macho badala ya kununua matone dukani. Na kila kipande kinachokatwa, hata kile kinachoonekana dhahiri kuwa kinyama cha jua, kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, na kupelekwa maabara, na gharama yake ihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe.